Hatua Sita za Roshani

Kila siku baada ya masomo, Chiriku aliingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, akatundika mkoba wake kwenye msumari wa tatu, akachukua ufagio. Sheria ya kundi la maigizo la mtaa ilikuwa kwamba jukwaa hufagiliwa kabla ya mazoezi, na wanaolifagia ni watoto. Chiriku alifagia huku akiimba, akisimulia mambo ya darasani, na akimwuliza Fundi, seremala wa kundi, maswali ambayo mengine hayakuwa na majibu. Fundi ndiye aliyempa jina hilo la ndege asiyejua kufunga mdomo, nalo likamshika. Jina lake la shuleni halikuwa na kazi humo ndani.

Zamani ukumbi huo ulikuwa ghala la nafaka, na hata sasa ukisukuma viti vya nyuma utaona punje zilizonasa kwenye nyufa za sakafu. Kila mwaka kundi lilionyesha maigizo manne. Watu wazima wote walikuwa na kazi zao nyingine. Mama yake Chiriku alikuwa mshonaji, naye ndiye aliyeshona mavazi ya waigizaji. Mwongozaji alikuwa karani wa posta, lakini watoto walimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Msimu ulipokwisha, kundi lilimchagua mtoto mmoja ajifunze pamoja na waigizaji wakubwa kwa wiki tatu za likizo na kusafiri nao. Chiriku aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote.

Katika igizo la pili la mwaka huo alipewa nafasi ya binti wa mlinzi wa bwawa. Binti huyo anagundua kwamba ukuta wa bwawa una ufa, anatoka kwenye roshani ya nyumba yao na kuwaonya watu wa bondeni. Roshani ilijengwa na Fundi kwa mbao, juu kuliko kichwa cha mtu mzima. Mwisho wake haukuwa na kizuizi, kwa kuwa hapo ndipo ngazi ilipoegemezwa katika sehemu ya pili ya igizo.

Kila mwigizaji alikuwa na mbadala wake, mtu wa kushika nafasi yake akipatwa na jambo. Na kila nafasi ilikuwa na daftari. Kitu chochote kikibadilika, hata kiti kikisogezwa, mwenye nafasi alitakiwa kuandika siku hiyo hiyo, kisha ampe mbadala wake asome. Mwongozaji hakuwa na mchezo na madaftari hayo.

Mbadala wa Chiriku alikuwa msichana wa darasa lake aliyeitwa Miwani. Bila miwani yake hakuweza kutofautisha kiti kitupu na kiti chenye mtu. Jukwaani hakuvaa, maana taa zilimulika kwenye vioo na watazamaji wakaona vimulimuli viwili badala ya macho. Basi alihesabu. Kutoka mlangoni hadi mezani, hatua tano. Kutoka mlango wa roshani hadi mahali pa kusemea, hatua nane. Alihesabu kimoyomoyo, na hakukosea.

Jumatano ya wiki ya onyesho, Mwongozaji alimwambia Miwani ajaribu maneno ya roshani. Alipomaliza, Mwongozaji alisogea hadi mbele ya jukwaa.

"Sauti yako imekaa vizuri, binti," Mwongozaji akasema. "Endelea hivyo hivyo."

Ni maneno machache tu, lakini Chiriku aliyasikia hadi usiku alipolala. Wivu ulimkaba. Yeye alikuwa amesifiwa mara nyingi, ila sifa za mwenzako huwa nzito kuliko zako ukizipima mwenyewe.

Alhamisi Miwani hakuja. Alikwenda na mama yake kumwuguza shangazi yake, wakarudi Ijumaa jioni. Siku hiyo ya Alhamisi watu walijaribu viti vya upande wa kushoto, wakaona roshani inawaziba. Fundi akachukua msumeno akaikata. Mahali pa kusemea pakawa hatua ya sita badala ya ya nane.

"Andika kwenye daftari," Mwongozaji alimwambia Chiriku. "Na Miwani akirudi, umwambie."

"Ndiyo, Mwalimu."

Chiriku akakaa na daftari magotini, kalamu mkononi. Akawaza kwamba Miwani hataigiza hata hivyo. Na ikitokea akapanda kwenye mazoezi, basi atajikwaa kidogo, watu watacheka, na Mwongozaji ataona kwamba si kila siku sauti yake inakaa vizuri. Akalifunga daftari bila kuandika neno.

Alikuwa na siri nyingine pia. Tangu Jumatano koo lilikuwa likimwasha. Sheria ilisema anayeumwa koo aseme mapema, apumzike. Chiriku aliona kusema ni kumkabidhi Miwani nafasi hiyo bure, hivyo akanyamaza, na badala ya kupumzika akafanya mazoezi uani kwa kelele hadi jirani akachungulia kuuliza kama kuna moto.

Jumamosi, siku ya onyesho, aliamka akafungua kinywa. Ikatoka pumzi tu.

"Leo kuna nini?" mama yake akauliza kutoka kwenye cherehani. "Nyumba imetulia hadi nikadhani nimeamkia kwa watu."

Chiriku akashika shingo, akaanza kulia.

"Koo? Tangu lini?"

Akaonyesha vidole vitatu.

"Siku tatu! Na mimi mama yako nipo hapa hapa! Mficha maradhi, kifo humuumbua, mwanangu. Shukuru wewe umeumbuliwa na koo tu. Vaa viatu."

Kwenye zahanati muuguzi alimmulika kooni kwa tochi. Alisema limevimba kwa kupiga kelele huku likiuma, na dawa yake kubwa ni kimya. Asiseme neno kwa siku tano, hata kwa kunong'ona, maana kunong'ona nako kunalichosha koo. Mama yake alishukuru, halafu akasema huenda kichwa chake mwenyewe kikapumzika, ila alisema hivyo huku akimfunga bintiye skafu shingoni.

Onyesho lilikuwa saa kumi alasiri. Saa tisa mama na mwana walikuwa ukumbini, na kufikia saa tisa na nusu Miwani alikuwa amevaa gauni la binti wa mlinzi wa bwawa, limekunjwa kidogo kiunoni. Hapakuwa na nafasi ya kurudia mazoezi, kwani watazamaji walishaanza kuingia.

"Pole sana," Miwani alimwambia Chiriku. "Nilijua utaigiza wewe." Akaangalia ukurasa wa mwisho wa daftari, akaona ni ule ule wa Jumatano. "Kuna kilichobadilika nilipokuwa sipo?"

Chiriku akatikisa kichwa. Hapana.

"Afadhali." Miwani akavua miwani yake, akamwekea mkononi. "Nishikie. Nikimpa mtu mwingine ataikalia."

Kisha akaondoka akigusa ukuta, midomo ikicheza. Chiriku alisoma midomo ile bila shida: moja, mbili, tatu, hadi nane.

Hapo ndipo alipoona jambo lilivyo. Hadi dakika hiyo alikuwa akifikiria kicheko cha watu. Sasa aliifikiria roshani yenyewe, mbao zinapokoma, na chini yake sakafu ya saruji. Hatua ya saba ilikuwa ukingoni. Ya nane haikuwa na ubao. Miwani asingeona, na taa zingekuwa zinampiga usoni.

Kengele ya kwanza ikalia. Akamtafuta Mwongozaji, lakini alikuwa mbele ya pazia akiwakaribisha watu. Fundi alikuwa upande wa pili kwenye kamba. Mama yake alikuwa ameingia kukaa na watazamaji. Kumwita mtu asingeweza. Na Miwani, hata akimpungia mikono yote miwili, angeona ukungu tu.

Akachukua daftari akaandika kwa herufi kubwa zilizopinda. Mkono ulisita kwenye mstari wa pili, kwa kuwa mstari wa kwanza peke yake ungetosha kumwokoa Miwani, na huo wa pili ungemmaliza mwenyewe. Lakini Miwani alishaambiwa hapana. Ataamini nini? Akapiga moyo konde, akaumaliza.

Igizo lilikuwa limeanza alipopanda ngazi za nyuma. Miwani alisimama nyuma ya mlango wa roshani, mkono kwenye kitasa, akisubiri zamu yake. Chiriku akamgeuza kwa bega, akamvika miwani, akamwinulia daftari mbele ya uso.

"HATUA SITA. FUNDI AMEKATA ROSHANI. NILIJUA TANGU ALHAMISI, NIKAKUFICHA."

Miwani akasoma. Akamtazama Chiriku, na Chiriku hakuinamisha macho, ingawa alitamani.

"Sita?" Miwani akanong'ona.

Chiriku akaitikia kwa kichwa. Akainua vidole sita.

Miwani akarudia hesabu kwa midomo, hadi sita. Akavua miwani, akamrudishia, akafungua mlango.

Chiriku alihesabu pamoja naye. Ya nne. Ya tano. Ya sita. Miwani akasimama, ncha za viatu zikiwa karibu na ukingo, akainua uso kuelekea taa.

"Enyi watu wa bondeni!" akasema. "Bwawa lina ufa! Niliuona jana, nikaogopa kusema. Leo nasema!"

Chiriku aliyajua maneno hayo kwa moyo. Alikuwa ameyasema mara mia uani kwao, na hakuwahi kuyasikia. Alilia nyuma ya mlango, bila sauti, kwa uchungu na kwa nafuu pamoja.

Watu walipokwisha kupiga makofi na kuondoka, alilipeleka daftari kwa Mwongozaji yeye mwenyewe. Mwongozaji akasoma, akampa Fundi. Fundi akasoma, akakaa kwenye ngazi, akashika kichwa.

"Nilidhani ameambiwa," akasema. "Mungu wangu, nilidhani ameambiwa."

"Nami nilipaswa kuhakikisha," Mwongozaji akasema. Akamgeukia Chiriku. "Nafasi ya likizo huipati msimu huu. Na katika igizo la tatu utakuwa mbadala wa Miwani. Umenielewa?"

Chiriku akaitikia. Ilimwuma, na alijua ni haki.

"Sasa nisikilize, kwa kuwa leo huwezi kunikatiza. Ulificha koo, ukapoteza sauti. Ulificha hatua mbili, ukakaribia kumpoteza mwenzako. Ungesema Jumatano ungepumzika, huenda leo ungeigiza. Kipaji unacho, hilo sijawahi kulitilia shaka. Lakini mwenye kipaji asiyeaminika hatumwezi, kwa sababu hapa kila mmoja anakanyaga pale alipoambiwa na mwenzake kwamba pana ubao." Akamrudishia daftari. "Mstari huu wa pili hukulazimishwa kuuandika. Ndiyo maana nakuachia kalamu."

Sauti ilirudi Alhamisi. Mama yake alijiandaa kwa mafuriko, lakini Chiriku alikunywa chai, akaaga, akaenda moja kwa moja kwa kina Miwani. Neno lake la kwanza la maana baada ya siku tano lilikuwa samahani.

"Nimesikia," Miwani akasema, naye hakusema kwamba yamekwisha, kwa kuwa yalikuwa hayajakwisha.

Jumamosi iliyofuata igizo lilirudiwa, Miwani akiwa bado katika nafasi ya binti. Kabla ya kengele, Miwani alishika daftari karibu na pua, akasoma ukurasa wa mwisho polepole, kila mstari. Ulikuwa umejaa mwandiko wa Chiriku: taa imesogezwa, kitasa kimelegea, ubao wa nne unalia ukikanyagwa. Alipomaliza akavua miwani yake, akasita kidogo, kisha akanyoosha mkono.

"Haya, nishikie," akasema.

Chiriku akaipokea kwa mikono miwili.