Kigingi cha Kiota cha Kumi na Saba

Boti ilipogonga mwamba, seremala aliruka na msumeno wake, akaliacha dumu la maji lizame. Ni fundi tu anayeweza kufanya kosa kama hilo.

"Sasa huo tutaunywa?" aliuliza shemeji yake, fundi mwashi, walipojikokota hadi kwenye kisiwa cha mchanga mtupu. Goti lake lilikuwa limechanwa na matumbawe. Mfukoni alikuwa na chupa moja ya maji, nusu.

Hakuna ambaye angewatafuta mapema. Walikuwa wameaga kwenda kuezeka paa ng'ambo, warudi Jumapili, na hiyo ilikuwa Jumanne.

Jumatano walikunywa kwa kifuniko cha chupa. Jua liliwachoma hadi midomo ikapasuka, na shemeji akaanza kutetemeka kwa homa. Alasiri seremala aliona mchanga uliovimba kidogo. Ujanani alikuwa mchimba mayai ya kasa, na macho yake hayakuwa yamesahau.

"Mayai yana majimaji, shemeji."

"Dada akijua atakuchinja."

"Atachinja maiti?"

Alifukua kwa viganja. Vidole vikagusa mti. Kilikuwa kigingi kilichoangushwa na upepo, na alikitambua kabla ya kukisoma, kwa sababu alikipiga randa mwenyewe, huku amenuna, mkewe alipomwomba vigingi arobaini vya kikundi chao cha kulinda kasa. Siku hiyo alimkejeli, "Kwani umeolewa na kasa?"

Mwandiko ulikuwa wa mkewe: *Kiota 17. Tuje Alhamisi, tarehe 14.*

Alhamisi hiyo, tarehe 14, ilikuwa kesho yake.

"Asipokuja je?"

"Dada yako? Siku ya harusi alifika kabla yangu."

Akarudishia mchanga taratibu, akasimamisha kigingi, akakifunga shati lake juu. Kifuniko cha mwisho cha maji akampa shemeji.

Asubuhi boti ya kikundi ilikuja moja kwa moja kwenye shati. Mkewe aliwaona, daftari likamponyoka likaanguka majini.

"Mnafanya nini hapa?"

"Tunalinda," shemeji alisema kwa sauti ya kukwaruza.

Aliwanywesha polepole, huku analia na kuwagombeza. Nyuma yao mchanga ulitikisika, kichwa kidogo cheusi kikachomoza, kisha kingine. Seremala aliwatazama kasa wachanga wakikimbilia maji, akashukuru hadi machozi yakamtoka, yeye aliyedhani hana tone mwilini.

"Vigingi vimebaki vingapi?"

"Vitatu."

"Nitakuchongea mia," alisema. "Na vyenye ncha ndefu, visianguke."