Mlango wa Sauti

Pampu ilinguruma, ikakohoa, kisha bomba likatoa hewa tupu.

"Mashuka ya zahanati yamo kwenye sabuni!" Mama Pacha, dobi, alilalamika. "Wagonjwa watalalia nini leo?"

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa seremala. Alizima pampu, akafunga jiwe kwenye kamba na kuliteremsha kisimani. Kamba ikalegea. Alipolivuta, jiwe lilikuwa kavu kabisa.

"Kisima kimekauka. Nashuka kupima kina, kisha nichimbe."

"Ushuke wapi? Una wazimu?"

"Kupima ndiyo kazi yangu, mke wangu. Niachie."

Mama Pacha hakubishana naye. Alikimbia nyumba ya pili kumwita fundi wa visima, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mwangwi.

Walimkuta Baba Pacha ameshaingiza mguu mmoja.

"Shemeji, toa mguu huo!" Mama Mwangwi alifoka. "Hewa ya chini inaweza kuua, na huwezi kuiona. Utaishiwa nguvu kabla hujaita mtu. Na atakayekufuata, naye hatoki."

Baba Pacha alitoa mguu, uso umemsawijika. "Sasa tutapimaje?"

"Kwa sauti."

Mama Mwangwi alitoa kifaa kidogo kama redio, akakielekeza chini, wima. Kikalia: tik!

"Ndiyo basi?"

"Ndiyo basi. Sauti imeshuka, imegonga, imerudi. Kifaa kimepima muda wake. Sauti hewani hukimbia kama mita mia tatu na arobaini kwa sekunde. Hii imerudi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Imekwenda umbali gani?"

Baba Pacha alikuna kichwa. "Mita thelathini na nne. Loo! Kisima chetu kirefu hivyo?"

"Polepole, fundi. Hapo kuna kwenda na kurudi."

"Basi gawanya kwa mbili!" Mama Pacha alidakia. "Kumi na saba!"

"Umepata. Na penye joto sauti hukimbia zaidi. Ndiyo maana kwanza nilikiwekea kifaa kiwango cha joto cha leo, kipimo kisipotoke."

Baba Pacha alipima kamba yake. "Mbona mimi niliishia kumi na mbili?"

"Tazama hapa, kwenye kioo cha kifaa. Kuna mwangwi dhaifu uliotangulia kurudi, kutoka mita kumi na mbili. Nadhani jiwe limechomoza ukutani, na kamba yako ilikaa juu yake. Mwangwi huu wenye nguvu umetoka chini zaidi. Ila kifaa hakijui kama ni maji au ardhi. Teremsha tena, katikati."

Baba Pacha aliteremsha kamba taratibu, mbali na ukuta. Ilipofika mita kumi na saba, wote watatu walisikia: chubwi!

"Mama yangu!" Baba Pacha alishika kichwa. "Tik moja tu! Hebu kipige tena, nisikie."

Maji yalikuwepo, ila yalikuwa yameshuka chini ya pampu kwa sababu ya kiangazi. Mama Mwangwi aliongeza bomba, akaizamisha pampu majini. Alasiri, mashuka meupe yalikuwa yakipepea kwenye kamba.

Siku iliyofuata Baba Pacha alitengeneza mfuniko mzito wa kisima, wenye kufuli. Katikati alitoboa tundu dogo, akalichongea kizibo.

"La nini hilo?" mkewe aliuliza.

"Mlango wa sauti. Jirani akija kupima, asihangaike kufungua. Kuanzia leo, kisimani kwangu sauti ndiyo inayoshuka."