Silinda ya 1501

Saa tano kasoro dakika ishirini asubuhi, karani wa vizazi alipanda ngazi mbili mbili, kalamu ingali sikioni, akausukuma mlango wa kitengo cha kompyuta kuu bila hodi.

"Watoto wamepotea!"

Watu wakasimama. Katibu muhtasi akajishika kifua.

"Wangapi?" akauliza Rula.

"Elfu tisini na moja!"

Hapo ndipo waliosimama wakaketi, maana waliopotea walikuwa wa kwenye kumbukumbu za ofisi ya vizazi, si watoto wa miguu na kelele. Rula peke yake ndiye aliyebaki wima. Kwake yeye bora wangekuwa wa miguu. Wale angalau huitwa wakarudi.

Rula halikuwa jina lake la cheti. Alipachikwa na wenzake, kwa kuwa hata sukari ya chai aliisawazisha kijikoni kwa kidole. Yeye ndiye mtunza diski. Na kompyuta kuu, kwa asiyeijua, ni kama jumba la kupangisha: chuma ni kimoja, lakini ndani wanakaa wapangaji kumi na wawili, ndizo mashine pepe, kila mmoja akijiona ana kompyuta yake peke yake. Kila mpangaji hukatiwa nafasi kwenye diski, na nafasi hiyo hupimwa kwa silinda, kama kiwanja kinavyopimwa kwa hatua. Mkataji ni Rula. Miaka kumi na mmoja hajawahi kumkalisha mpangaji juu ya mwenzake, na sifa hiyo hakuificha. Alitembea nayo kama bibi harusi na pete.

Alifungua kumbukumbu za mtambo, akasoma kwa sauti:

"Saa nne na dakika ishirini na mbili. Kibodi ya chumba cha diski. Mpangaji Mafunzo kaongezwa nafasi: 1501, 2000. Kisha nafasi ikapigwa deki."

Kila nafasi mpya hupigwa deki, hufutwa ikawa nyeupe. Balaa ni kwamba hii haikuwa mpya. Mpangaji Vizazi alikuwa anaishi humo humo.

Mkurugenzi, mama mfupi asiyepandisha sauti, alimwita ofisini.

"Funguo za chumba cha diski ni tatu. Wako, wa Mzee Fyuzi na wa Naibu. Kazi ya kukata ni yako. Saa nne na dakika ishirini na mbili ulikuwa wapi?"

"Stoo ya tepu, Mama. Naweka nakala ya jana."

"Na nani?"

"Na tepu."

"Tepu haitoi ushahidi."

"Lakini itarudisha watoto. Kabla ya saa kumi watakuwa nyumbani."

"Sijauliza nani atawarudisha. Nauliza nani kawatupa. Ikifika saa tisa hujanijibu, utaniachia ufunguo, na barua itakufuata kwenu."

Rula alitoka ameubana ufunguo kiganjani mpaka ukamwachia alama. Barua aliweza kuivumilia. Ufunguo, hapana.

Alianza na Mzee Fyuzi, mwangalizi wa mitambo, aliyekuwa akilalamika kila siku kwamba Mafunzo, mashine ya kujifunzia, imejaa.

"Shikamoo, Mzee. Saa nne na dakika ishirini na mbili ulikuwa wapi?"

"Marahaba. Nilikuwepo."

"Wapi?"

"Nilikuwepo tu, mwanangu. Kuwepo kwa kawaida."

"Mzee wangu, mimi ni mwanao. Usiniache niungue na wewe umeshika ndoo."

Mzee akakuna kipara. "Nilikuwa chumba cha jenereta. Kwenye simu ya video, dakika ishirini na saba. Mjukuu kaota jino."

"Jino moja, simu dakika ishirini na saba?"

"Mwanzoni lilikuwa halionekani vizuri."

Fundi wa jenereta alithibitisha. Naye alilazimishwa kulitazama.

Akabaki Naibu. Huyu alihamia miezi mitatu nyuma kutoka kituo kingine, na wenzake walimwita Kule-Kwetu, kwa sababu sentensi zake zote zilianzia huko.

"Kule nilikotoka," alisema, mguu juu ya mguu, "kuongeza nafasi ni dakika tano. Hapa fomu, saini, njoo kesho."

"Jana ulijaza fomu ya Mafunzo, Bwana Naibu. Nikakwambia kesho."

"Nilijaza. Silinda ngapi?"

"Mia tano."

"Basi! Aliyefanya uchafu huu kakata elfu mbili. Mimi elfu mbili nipeleke wapi, nikaanike mahindi? Saa nne nilikuwa chumba cha mkutano peke yangu, naandaa masomo. Tazama daftari."

Hoja ilikuwa na meno. Anayeiba kwa haraka huiba anachohitaji. Kwa nini huyu achukue mara nne yake? Rula alishuka ngazi akilitafuna swali hilo, asilimeze.

Saa saba, mlangoni pa chumba cha mkutano, katibu muhtasi alikuwa anapigana na watu wa stoo.

"Chumba kina mwenyewe!"

"Mwenyewe yuko wapi, dada? Humo mna viti tu!"

"Kaandika Naibu. Someni!"

Rula alilivuta daftari. Kwenye ofisi ile kila mtu aliandika tarakimu mbili: saa ya kuanza, na idadi ya saa. Naibu aliandika 4, kisha 6.

"Kuanzia saa nne, kwa saa sita," akasema katibu. "Mpaka saa kumi! Mtu mmoja! Halafu saa sita kamili huyoo, katoka, kaenda kula."

Wote wakacheka. Rula alicheka pia, kisha akazisoma tena zile tarakimu mbili. Akapanda ngazi mbili mbili, kama karani.

Saa tisa kasoro robo waliketi wanne ofisini kwa Mkurugenzi. Rula aliweka mezani karatasi yenye mstari mmoja: *Vizazi, 1001, 1500.*

"Huyu ni mpangaji na nafasi yake, kama anavyoandikwa kwenye orodha yetu. Anakuja mwingine, anataka silinda mia tano. Mtaandikaje? Mzee, wewe kwanza."

Mzee Fyuzi alihesabu kwa vidole, akachoka, akahesabu kwa midomo. "Anaanza 1001, ana silinda 1500, anaishia 2500. Mpya nitaandika 2501, halafu 500."

Naibu akaguna. "Kule nilikotoka mtoto wa shule hakosi hii. Vizazi ni kutoka 1001 hadi 1500. Mpya ni 1501 hadi 2000."

Rula akaikunjua karatasi ya pili, ya kumbukumbu za mtambo, akaiweka mbele ya Mkurugenzi: *1501, 2000.*

"Mwizi hakuchukua elfu mbili, Mama. Alitaka mia tano zake, kama fomu inavyosema. Ila kwao tarakimu ya pili ni mwisho. Kwetu ni urefu. Ndiyo maana alitaka chumba cha mkutano mpaka saa sita, akakifunga kwa saa sita nzima. Mtambo haubishani na mwenye ufunguo. Ukaambiwa elfu mbili, ukapiga deki elfu mbili."

Naibu alitazama karatasi, akatazama dirisha. Dirisha halikumsaidia.

"Nilikuahidi masomo yangeanza leo, Mama," akasema taratibu. "Nilitaka uone kwamba dakika tano zinatosha."

"Na ulipoona watoto wamefutika?"

"Niliogopa. Miezi mitatu tu hapa..."

"Ungeniambia," Rula akasema, "tungewarudisha wawili, tukacheka, yakaisha. Kukosea silinda ni kazi. Kunitwisha mimi ndiyo dhambi."

Mkurugenzi alivuta daftari la chumba cha mkutano, akaandika, akaligeuzia kwa Naibu: *Kesho, 3, 1.*

"Kikao chako cha nidhamu. Hiyo ya pili ni muda. Ufunguo uache mezani." Kisha akamgeukia Rula. "Na Mafunzo watapata lini nafasi?"

"Kesho, Mama. Fomu niliisaini ya kesho."

"Kesho ni sawa."

Saa kumi kasoro dakika tano, karani wa vizazi alichungulia mlangoni, safari hii akapiga hodi. Mzee Fyuzi alikuwa ameshainama juu ya kioo, akisoma jina la mjukuu wake kwa sauti, mara ya tatu.

"Wamerudi wote elfu tisini na moja?" akauliza karani.

Rula aliuning'iniza ufunguo shingoni.

"Elfu tisini na moja, mia nne na kumi na wawili. Na saba wa leo asubuhi hawamo kwenye nakala ya jana; fomu zao unazo mezani, kawaandike upya. Hapa hatukadirii."