Kitanda cha Ukutani

Ilianza na shuka. Kitanda cha ukutani katika wodi ya majeruhi, pale Mpanda, kilikuwa kitupu tangu jana, lakini asubuhi shuka lake lilikuwa na joto, likinuka ngozi mbichi ya ng'ombe. Nesi Immaculata akalibadilisha. Angemwambia nani? Daktari Cletus?

Huyo Cletus, mwaka huo wa tisini na tano, alirudi kutoka semina na elimu mpya: majeruhi anapewa alama kwa macho, kwa sauti, na kwa kutii akiambiwa ashike mkono. Asiyefanya lolote anapata tatu, moja kwa kila kipimo. Semina ilifundisha kwamba mwenye alama ndogo ndiye wa kukimbiliwa; yeye, mvivu wa kutupwa, akamfanya wa kuachwa. Majeruhi wa namna hiyo alisukumwa ukutani, bwana mkubwa akaenda kunywa chai. Wengi walifia pale.

Mchana wakamleta Luhende, mfugaji wa Kisukuma. Lori lilikuwa limepinduka njia ya Mwese na tumbo lake lilikuwa likivujia damu ndani. Machela ilibebwa na mkewe Bernadetha na mama yake Bernadetha, maana wanaume hawakuwepo.

"Fumbua macho," Cletus akamwamuru. "Jina lako nani?"

Luhende kimya, macho kayafumba.

"Dokta," Bernadetha akanong'ona, "huyu mama ni mkwe wake. Kwetu hamtazami, hasemi mbele yake. Tumtoe mama kwanza."

"Alama hazijui mkwe," Cletus akasema. "Ukutani."

"Atakufa, dokta."

"Ndiyo hesabu inavyosema."

Wakamsukuma, wakamlaza kitanda cha ukutani. Harufu ya ngozi ikapanda. Kisha chini ya kitanda kile sauti ya Cletus mwenyewe, naye amefumba mdomo, ikasema taratibu: "Fumbua macho."

Mama mkwe akatoka mbio akipiga kelele. Cletus akacheka kwa dharau, akasema ni wahuni tu, akainama kuchungulia, na alichokiona huko hakuna anayekijua, maana mikono yake ilikakamaa, na magoti, na taya, na kope zikajifunga kana kwamba zimeshikwa na vidole, naye akaanguka chali sakafuni bila hata kuguna.

Na Luhende, mkwe akiwa ameshatoka, akafumbua macho. "Bena," akamwambia mkewe, "nipe maji."

Daktari wa upasuaji, Melkior, aliyefika kwa kuzisikia kelele hizo, hakuuliza alama. Akambeba Luhende mwenyewe hadi chumba cha upasuaji, na mtu yule akapona.

Immaculata akabaki na Cletus. Akamwita, kimya. Akamshika mkono; haukushika. Chini ya kitanda ile sauti ikahesabu: "Macho, moja. Sauti, moja. Mikono, moja. Tatu. Ukutani."

"Hiyo ni amri yako mwenyewe, dokta," nesi akanong'ona.

Akamwinua, akamlaza kitanda kile cha ukutani. Cletus alikuwa akisikia kila neno. Shuka lilikuwa bado na joto, na huko chini kitu kikasogea kumpisha.