Mlango Namba 4417

Mimi siamini mambo haya, na László Vargha aliyenisimulia haamini pia. Tumekulia wote South Bend, Marekani, watoto wa wafanyakazi wa Studebaker: kampuni iliyoanza na mikokoteni ya farasi, ikajaza magari barabarani, halafu Desemba ya 1963 ikafunga geti.

Juzi mchana László alikwenda kwenye jengo la kiwanda hicho kutafuta mlango wa gari analolitengeneza. Mlinzi, mzee Cyril, akamfungulia. Ndani giza. Ghorofani nyundo ya mpira ilikuwa ikigonga: mara mbili, kimya, mara mbili.

“Nani yuko juu?”

“Njiwa.”

“Njiwa gani ana nyundo? Unanichezea, mzee?”

“Chukua mlango wako uende, bwana.”

Upande wa ndani wa mlango aliouchagua paliandikwa kwa chaki 4417, saba yake imekatwa kistari katikati. Ilikuwa namba ya kazi ya marehemu baba yake, kwa mwandiko wake. Kiwandani, aliyepokea zamu alichora mstari chini ya namba ya mwenzake, kisha akaandika yake. László, kwa heshima tu, akachora mstari. Hakuandika kitu, maana hakuwahi kuajiriwa pale na hana namba.

Nyundo ikanyamaza.

Hakumwamini Cyril hata kidogo. Aliufunika mlango turubai mwenyewe, akaufunga kamba, akaupakia bila kumruhusu mzee ausogelee.

Nyumbani akafungua kamba. Chini ya mstari wake paliandikwa namba mpya, 4471, kwa mwandiko uleule, saba imekatwa kistari katikati, na unga wa chaki ulikuwa bado unadondoka.