Deki Inayojaza

Fundi cherehani alipoifungua deki ya kuchezea diski na kuiweka juu ya meza ya sebuleni, aliona ina joto. Haikuwa imechomekwa popote. Ilitoka dukani imefungwa kwa karatasi na kamba, naye aliibeba kwapani akipita upande wa kivuli. Joto lenyewe halikuwa la jua wala la umeme. Lilikuwa joto la kiti alichokuwa amekikalia mtu sasa hivi. Akaipapasa tena, akajiambia kwamba mikono ya mtu anayeshinda na pasi haiaminiki katika mambo ya joto, kisha akainama kutafuta mahali pa kuchomeka waya.

Kilichompeleka dukani kilikuwa machozi ya mkewe. Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke ambaye sauti yake iliweza kutuliza watoto wa darasa zima bila kupanda. Walikuwa wamenunua televisheni mpya, pana kama mlango uliolazwa, yenye picha ang'avu kiasi cha mtu kuona vinyweleo vya nyusi za msomaji wa habari. Lakini mwalimu hakuitamani kwa ajili ya habari. Alikuwa na diski moja aliyoipenda kuliko vyote vilivyomo nyumbani: diski ya harusi yao, ambamo marehemu mama yake anaonekana kwa kitambo kifupi, ameketi kando ya pazia, anainua uso na kusema, "Mwanangu, kaa na watu vizuri." Basi. Sauti ya mama yule haikubaki mahali pengine popote chini ya jua.

Deki yao kuukuu ilipounganishwa na televisheni ile kwa nyaya tatu za rangi, nyekundu, nyeupe na njano, uso wa mama ulivurugika. Palipokuwa na macho pakawa na madoa, na palipokuwa na kinywa pakatanda ukungu.

"Kwenye televisheni yetu ndogo alikuwa mama," mwalimu alisema huku akijifuta kwa kiganja. "Kwenye hii amekuwa uji."

"Si mama aliyeharibika, ni deki. Nitakutafutia inayolingana na televisheni."

"Deki niijuayo mimi ni ya ndoo na kitambaa. Hizo nyingine wazijua wewe, Fundi. Nenda basi, usisimame hapo kama kabati." Akacheka huku machozi yakimtoka, na kwa kicheko kile mumewe angekwenda hata asikokujua.

Muuza vyombo vya umeme alijulikana mtaani kwa jina la Nukta, kwa sababu hakuna swali ambalo hakulijibu kwa habari ya nukta.

"Sikiliza, Fundi," alianza. "Televisheni yako ni shamba kubwa, linataka nukta nyingi. Diski yako ya zamani imebeba nukta kidogo, kama mbegu za kiganjani. Ukichukua hii," akagonga boksi jipya, jembamba, "inatoa picha kwa waya mmoja bapa, safi kabisa, lakini itakupa kilichomo katika diski, basi. Haiongezi chumvi. Mama mkwe atakuwa na ukungu kidogo, ila atakuwa yeye."

"Na ile?" Fundi alielekeza kidole kwenye rafu ya chini, palipokuwa na deki nyeusi, nzito, isiyo na jina la kiwanda.

Nukta aliitazama kwa jicho la pembeni. "Ile imetumika. Ile inajaza. Pasipo na nukta, inabuni yenyewe na kujaza. Nimeijaribu, picha inakata kama wembe. Lakini aliyeileta aliitua mlangoni akageuka, hata salamu yangu hakuipokea. Mimi ningekuwa wewe ningechukua jembamba."

"Ungekuwa mimi ungekuwa na mke anayelia."

"Haya. Mchagua nazi hupata koroma. Mimi simo."

Fundi aliwaza kama fundi. Nguo ikipwaya hupunguzwa. Ikibana huongezwa kipande, na mshonaji hodari hukificha kipande kile hata mvaaji asijue kilipo. Basi picha iliyobana iongezwe kipande, kuna ubaya gani? Jambo ambalo hakujiuliza, yeye aliyekuwa akiwauliza wateja wake kila siku, ni kipande hicho kitakatwa kutoka kitambaa cha nani.

Alasiri ile mama alitokea kwenye televisheni kama mtu aliyeketi dirishani kwao. Kidoti cheusi chini ya jicho kilionekana, na mikunjo ya shingo, na unyevu wa midomo. Mwalimu alipiga magoti mbele ya kioo akaweka kiganja chake juu ya shavu lile. Fundi naye alitazama kola. Gauni lile alilishona mwenyewe kwa ajili ya harusi, kwa mshono uliolala, mafundo yote yakiwa ndani. Sasa aliona mafundo yako nje, yamejipanga shingoni kama meno madogo, kana kwamba nguo ile ilishonwa na aliyekuwa upande wa ndani. Alitaka kusema. Akautazama uso wa mkewe uliojaa furaha, akameza neno lake.

"Mwanangu, kaa na watu vizuri," mama alisema. Hapo ndipo mpiga picha alipokuwa akihamia kwa wageni siku zote. Safari hii hakuhama. Mama aliendelea kuwatazama, akavuta pumzi, akasema, "Umekonda."

"Umesikia?" mwalimu alinong'ona.

"Labda deki ya zamani ilikuwa inaruka," fundi akajibu.

Tangu siku hiyo mwalimu hakupitisha alasiri bila diski ile. Alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akaketi chini karibu na kioo. Na sauti yake ikaanza kukwaruza. Alisema ni vumbi la chaki. Akanywa maji ya moto na tangawizi, wala hayakusaidia kitu. Kisha, siku moja wakila chakula cha mchana, alitaka kuomba chumvi. Alifumbua kinywa, neno halikuja. Akaonyesha kwa kidole.

"Kulikoni?" fundi alimtania. "Mwalimu amesahau kusoma?"

Mkewe hakucheka. Alijaribu tena, na midomo yake ililizunguka lile neno kama mtu anayepapasa kitasa gizani. Alasiri hiyo, kwenye televisheni, mama aliinua uso kando ya pazia na kusema, "Chakula chenu hakina chumvi."

Ikawa hivyo. Neno lililomtoka mwalimu asubuhi, mama alikuwa nalo jioni. Lilipotea neno mlango, na mama akauliza kwa nini mlango wao hulia ukifunguliwa. Lilipotea neno mtoto, na mama akauliza mtoto atazaliwa lini. Mwalimu mkuu alimrudisha nyumbani apumzike, kwani watoto hawafundishwi kwa kunyoosha vidole. Sebule nayo ikabadilika harufu: kwanza harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, halafu, juu yake, harufu ya kitu kinachoungua taratibu. Fundi alikuwa akizijua harufu zote za nguo iliyounguzwa na pasi, pamba, hariri, sufu, nailoni. Hii haikuwa ya nguo.

"Tuizime," alimwomba mkewe kwa sauti ya chini, maana alikuwa ameanza kunong'ona ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Tuipumzishe walau wiki. Nakusihi."

Mwalimu alimshika mkono kwa nguvu. Hakuwa tena na maneno ya kumjibu, ila macho yake yalisema: ni mama yangu.

Siku ambayo fundi aliacha kujidanganya, mkewe alikuwa amesinzia palepale sakafuni na jua lilikuwa bado linamulika dirishani. Alinyemelea deki, akabonyeza kitufe, sahani ya kuwekea diski ikatoka nje polepole na ilikuwa tupu, na alipogeuka kutafuta aliiona diski ya harusi ndani ya kasha lake juu ya kabati, imefunikwa na vumbi la siku nyingi ambalo hakuna kidole kilichokuwa kimeligusa, na huku nyuma yake televisheni ikiendelea kumwonyesha mama kando ya pazia, ambaye sasa hakuwa akimtazama binti yake bali alikuwa akimtazama yeye, fundi, jinsi mtu anavyomtazama mtu anayemdai haki, na midomo ile yenye unyevu ikafumbuka, na sauti iliyotoka haikuwa ya mama mkwe hata kidogo, bali ile sauti laini iliyomwamsha kila asubuhi tangu walipooana, sauti ya mkewe, ikisema, "Mume wangu."

Alikimbia bila viatu hadi kwa shangazi yake.

Shangazi alikuwa mwanamke mzee wa maneno machache na mzaha mkavu, ambaye watu walimwendea kwa habari za majini kisha wakajifanya hawamjui wakikutana naye sokoni. Alipofika mlangoni kwa fundi hakuingia. Alinusa.

"Baba," alimwambia fundi, kama alivyomwita tangu utotoni, "hicho chombo uliambiwa kinafanya nini?"

"Kinajaza, Shangazi. Pale diski ilipopungukiwa, kinajaza."

"Kinajaza. Na wewe fundi mzima hukuuliza kinajazia nini?"

Fundi aliinamisha kichwa.

"Pengo halijazwi kwa hewa. Kimechota kwa aliyelikaribia. Humo mna sentensi moja tu ya marehemu, Mungu amrehemu. Mengine yote ni ya mkeo. Kilichoketi pale ni jini lililovaa uso wa mama mkwe wako kama unavyovaa koti la mwenzio siku ya mvua. Likiyamaliza maneno ya mkeo litahitaji pumzi ya kuyasemea. Unajua litaitoa wapi."

"Atapona?" Fundi aliuliza.

"Litarudisha, likiondoka. Sasa nisikilize." Alimvuta sikio kama mtoto. "Likishindwa litaaga. Litaaga kwa adabu, kwa sauti unayoiheshimu. Usiliitikie. Kwa jini, neno la kumsindikiza mgeni ni kamba. Ukimpa ncha, anakuvuta nayo. Uma ulimi wako utoke damu, lakini usiitikie."

Alimwonya fundi peke yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na ulimi.

Waliingia. Mwalimu alikuwa ameamka, ameketi mbele ya kioo, midomo yake ikienda sambamba na midomo ya yule wa kwenye kioo, mmoja akisema na mwingine akiwa kimya. Shangazi aliwasha ubani katika chetezo akauzungusha moshi juu ya deki, chini yake, na kwenye kila tundu la waya. Hakuomba wala hakupiga kelele. Alisema nalo kama mtu anavyosema na mpangaji sugu.

"Mgeni, umekula, umelala, umejifunika nguo ya maiti. Uliazima kisicho chako. Kirudishe."

Mama kwenye kioo alitabasamu. Moshi ulivutwa ndani ya deki kama unavyovutwa na pua, na chombo kikaanza kutetemeka juu ya meza, na ile harufu ya kuungua ikawa nzito hata fundi akaona machozi yanamtiririka, na picha ikaanza kupungua, kidoti kikafutika, kisha mikunjo, kisha macho yakawa madoa, na kila uso ule ulipopoteza kitu, mwalimu alishtuka na neno likamdondoka mdomoni, kavu, la kwanza baada ya mengi: chumvi. Mlango. Chaki. Mtoto. Mume wangu. Fundi alitaka kumkumbatia. Shangazi alimzuia kwa jicho.

Kwenye kioo sasa kulikuwa na ukungu tu wenye umbo la mtu. Ukungu ule ukainuka kitini. Na sauti ya marehemu, ya upole, ya uchovu, sauti halisi ya mama anayejikusanya aondoke, ikasema, "Haya wanangu. Mimi naondoka."

Fundi aliuma ulimi. Alihisi ladha ya damu.

Pazia la sebuleni lilijisogeza. Mlango ulilia, ukafunguka wenyewe, na harufu yote ikapita katikati yao ikaelekea nje, hata nyumba ikawa nyepesi na jua la jioni likaonekana kuwa jua tena. Shangazi alishusha pumzi. Fundi alimgeukia mkewe, akauona uso wake umerudi, wenye rangi na uhai, umeelekea mlangoni ukilengwalengwa na machozi. Na mwalimu, aliyelelewa katika nyumba ambayo mgeni hakuruhusiwa kuondoka bila haki yake ya kuagwa, tena mgeni mwenye sauti ya mama, alisema kwa sauti yake kamili, nzuri, iliyopona:

"Haya, mama. Karibu tena."

Chetezo kilimwanguka Shangazi, makaa yakatawanyika sakafuni. Wote watatu waliutazama mlango uliokuwa wazi. Nje hapakuwa na mtu. Jibu lilitoka nyuma yao, ndani, karibu kabisa na visogo vyao.

"Asante. Nimeshakaribia."

Sauti ilikuwa ya fundi. Naye fundi alikuwa bado ameuma ulimi.