Kireno cha Bibi

Kila alasiri baada ya shule, Bibi na mjukuu wake walikanda unga wa mikate kwenye meza moja. Mjukuu huyo walimwita Chiriku, kwa sababu ya mdomo wake usiotulia. Bibi alikulia ng'ambo ya mpaka, na lugha yake ya utotoni ilikuwa Kireno. Nyumbani hakuwa na wa kuzungumza naye, basi akaamua kumfundisha Chiriku, mikono ikiwa ndani ya unga.

"Amassa devagar," kanda polepole. "Deixa crescer," acha uumuke. "Umeelewa, mjukuu wangu?"

"Sim, avó," ndiyo, Bibi, aliitikia Chiriku, macho nje ya dirisha, wenzake walikokuwa wakiruka kamba. Hakuwa ameelewa chochote. Maneno hayo mawili tu ndiyo aliyoyashika, nayo yalimtosha kumaliza somo haraka. Bibi wa watu alifurahi, akawatambia majirani kwamba sasa amepata mwenzake.

Kisha Bibi akapatwa na kiharusi. Aliporudi kutoka hospitali, Kiswahili chote kilikuwa kimemtoka. Jioni hiyohiyo alianza kulia kitandani, akinyoosha mkono kuelekea jikoni na kurudia maneno yaleyale ya Kireno.

"Anasema nini?" Mama aliuliza. "Si wewe ndiye mwanafunzi wake?"

Bibi alimkazia macho Chiriku, akimngoja.

"Sim, avó," Chiriku akasema. Bibi alizidi kulia.

"Mama, sijui anasema nini," Chiriku alinong'ona. "Sikuwahi kujua. Nilikuwa naitikia tu ili niende kucheza."

Mama hakumgombeza. Alimtuma mbio kwa jirani yao, fundi wa vigae aliyewahi kufanya kazi ng'ambo ya mpaka. Fundi alikuja na saruji viganjani, akamwinamia mgonjwa.

"Anasema mikate inaungua, itoeni kwenye tanuri," alieleza. "Na anashangaa. Mtoto amesema ndiyo, mbona haendi?"

Tanuri lilikuwa baridi, halina hata mkate mmoja. Fundi akamfundisha Chiriku jibu, naye akalirudia mpaka ulimi ukalizoea.

"Já tirei, avó. Não queimou." Nimeshaitoa, Bibi. Haikuungua.

Bibi alishusha pumzi, akauliza jambo kwa upole. Fundi alikohoa kwanza. "Anauliza wewe ni binti wa nani."

Chiriku alikimbilia jikoni, akalia kwa kwikwi. Mama alimfuata, akamkumbatia.

"Bibi yako alitaka mtu wa kuzungumza naye, mwanangu, nawe ukamwitikia tu," alisema. "Usipoelewa, sema hujaelewa. Anayekufundisha hawezi kukusaidia ukimficha."

Chiriku alifuta machozi, akarudi chumbani. "Mjomba, 'sijaelewa' wanasemaje?"

"Não percebi," fundi akamjibu.

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Bibi aliposema neno jingine, Chiriku alimwangalia usoni.

"Não percebi, avó."

Bibi akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Akalirudia neno lake taratibu, kwa uvumilivu mwingi, kwa ajili ya mtoto huyo asiyemjua.